Maswali ya Wasomaji: Sura ya Mbele ya Makumbusho

SWALI: Makumbusho ya mji wetu yamo katika jengo la kale la mawe ya matumbawe. Watu hupita mlangoni kutwa nzima bila kuingia. Mkandarasi anashauri tuifunike sura ya mbele kwa vioo na mabamba ya alumini ili vijana wavutiwe. Tukubali?
*Wanakamati, Mombasa*

JIBU: Msikubali. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje polepole. Ukizibwa, maji hubaki ndani, chumvi huganda kwenye vitundu vya jiwe, na jiwe huanza kupukutika unga nyuma ya bamba msikoona. Fremu za mabamba nazo hushikwa kwa boliti za kupanuka, na tumbawe ni laini, hupasuka. Kuna na suala la moto: mabamba ya alumini yenye plastiki katikati ndiyo yaliyousambaza moto kwenye jengo la Grenfell Tower, London, mwaka 2017, watu 72 wakafa.

Anzeni na plasta iliyopo. Gongeni ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama debe tupu, plasta imeachia. Kama ni ya saruji, ambayo nayo huziba unyevu, ibanduliwe kwa patasi na nyundo nyepesi, si kwa mashine. Plasta mpya iwe sehemu moja ya chokaa iliyozimwa na kulowekwa angalau miezi mitatu, kwa sehemu tatu za mchanga wa mtoni uliooshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, msiukubali hata ukitolewa bure. Lowesheni ukuta kwanza, pigeni mikono mitatu, kila mmoja usizidi unene wa sentimita moja, na mtundike magunia mabichi mbele yake ili jua lisiipasue. Mkono unaofuata usubiri mpaka kidole gumba kisibonyee lakini ukucha uache alama. Mwisho pakeni chokaa nyepesi mikono minne au mitano. Simameni karibu wakati wa kuchanganya, kwa sababu fundi mwenye haraka hutia konzi mbili za saruji "ishike upesi", na hapo mmerudi mlikotoka. Jengo likiwa limelindwa kama urithi, ruhusa ya maandishi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya ipatikane kabla ya kugusa chochote.

Hayo ni afya ya ukuta. Watu wanavutwa na mita tatu za kwanza kutoka chini, maana mpita njia hainui macho. Brooklyn Museum ya New York iliondolewa ngazi zake kuu mwaka 1934. Mwaka 2004 ikajengewa ukumbi wa kioo mbele na ngazi pana ambazo mtu anaweza kukaa bila kukata tiketi. Pwani kitu hicho tunacho: baraza. Jengeni lenye kimo cha sentimita 45 na upana wa 50, liinamie nje kidogo maji yasisimame, na lisiwe chini ya mchirizi wa paa.

Kisha mlango. Mtu aliyetoka juani akiutazama huona weusi mtupu, hata kama ndani kuna taa. Pakeni ukuta unaoelekea mlango rangi nyeupe, wekeni kifaa kimoja kikubwa cha maonyesho mita nne au tano kutoka kizingiti, na taa imulike ukuta ulio nyuma yake. Mlango ubaki wazi saa zote za kazi. Kizingiti cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa mita 3.6 ili mwenye kiti cha magurudumu apande mwenyewe. Mteremko mfupi zaidi ya hapo ni wa kupigia picha tu.

SWALI: Skrini kubwa ya taa ukutani italeta watu usiku?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Italeta kwa muda. Kunsthaus, jumba la sanaa la Graz, Austria, lina taa 930 za mviringo nyuma ya ngozi yake ya akriliki (plastiki angavu) tangu mwaka 2003, kwenye eneo la mita za mraba 900 hivi. Kila taa ni nukta moja ya picha, kwa hiyo picha ni za ukungu, na wasanii hutunga kazi za kuufaa ukungu huo. Skrini isiyo na mtu wa kuitungia kazi huishia kuonyesha matangazo ya soda. Kwa bajeti ndogo, chukueni taa za kumulika ukuta, za mwanga wa manjano, kelvini 2700 hadi 3000, zikae karibu na ukuta zimulike juu. Draiva, yaani visanduku vinavyozipa taa umeme unaozifaa, ndizo hufa kwanza kwenye hewa ya bahari: zifungwe ndani ya jengo, na nunueni za akiba siku ile ile.

SWALI: Tunataka wasanii wautumie ukuta wa mbele, pamoja na mabango ya kitambaa. Tuangalie nini?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Mfano mzuri ni wa mzaliwa wa Nairobi. Metropolitan Museum ya New York ilikuwa na vidaka vinne vitupu kwenye uso wake uliokamilika mwaka 1902. Mwaka 2019 Wangechi Mutu akaweka humo sanamu nne za shaba nyeusi, za wanawake walioketi. Hawakutoboa uso mpya, walitumia nafasi iliyokuwapo. Tafuteni zenu: madirisha yaliyozibwa, ukumbi wa nje, nguzo. Mkataba utaje muda, nani ataishusha kazi, na nani atalipa ukuta ukidhurika.

Mabango yanadanganya kwa wepesi wake. Upepo wa mita 20 kwa sekunde husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kilo 25 hivi. Bango la mita 2 kwa 6 hupokea karibu kilo 300, na zote huishia kwenye ndoano. Kukata vitobo vya nusu mwezi hakusaidii sana. Tumieni kitambaa cha wavu, ndoano za stenlesi zilizopita plasta na kushika jiwe lenyewe, na kamba za chini ziwe dhaifu kuliko ndoano, ili upepo ukizidi ikatike kamba na si ukuta. Herufi nazo: kwa kila mita 10 za umbali, kimo kisipungue sentimita 3.