Maswali ya Wasomaji: Mto Mackenzie una kilomita ngapi?

SWALI: Atlasi moja inasema Mto Mackenzie wa Kanada una kilomita 1,738, nyingine inasema 4,241. Tuamini ipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Zote mbili ziko sawa, ila hazikuanza kupima mahali pamoja. Kilomita 1,738 ni sehemu inayoitwa Mackenzie tu, kuanzia unapotoka Ziwa Great Slave hadi unapomwaga maji katika Bahari ya Beaufort, huko Aktiki. Namba kubwa hufuata maji hadi chanzo cha mbali kabisa: Mto Finlay wa British Columbia unaingia bwawa la Williston; maji yanatoka humo kwa jina la Peace, yanakutana na yale ya Ziwa Athabasca na kuitwa Slave, kisha yanaingia Great Slave. Ndivyo ilivyo kwa Nile pia: anayepima kuanzia Jinja hapati namba ya aliyeanzia vyanzo vya Kagera. Kwa hiyo ukitaja urefu, taja na mwanzo wake.

SWALI: Wenyeji wanauitaje? (Msomaji huyohuyo)

JIBU: Wadene wanauita Dehcho, Wagwich'in Nagwichoonjik, na Wainuvialuit wa upande wa delta Kuukpak. Mackenzie ni jina la Mskoti, Alexander Mackenzie, mfanyabiashara wa ngozi za manyoya. Aliondoka Fort Chipewyan, kituo cha biashara kwenye Ziwa Athabasca, Juni 3, 1789 akitafuta njia ya kufika Pasifiki. Mto ukamfikisha Aktiki. Vitabu vinavyosema "aliugundua" vinashangaza, kwani kandokando yake kulikuwa na watu waliokuwa wakivua samaki tangu enzi. Jina la Kidene halijafa: daraja lililofunguliwa mwaka 2012 karibu na Fort Providence linaitwa Deh Cho.

SWALI: Kwa nini mto huo hufurika mwezi Mei hata mvua isiponyesha? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa sababu unatiririka kuelekea kaskazini. Joto huanza kusini, kwa hiyo barafu ya sehemu za juu na ya matawimto huvunjika wakati ya chini bado ni ngumu. Mto Liard, unaoleta maji ya theluji ya milimani, ukifika Fort Simpson husukuma mapande ya barafu ndani ya Mackenzie ambao haujafunguka. Mapande hayo hukwama kwenye kona, kwenye visiwa na penye kina kifupi, yakaziba mkondo. Maji ya nyuma yake hayana pa kwenda: hupanda kwa kasi. Kizuizi kikiachia ghafla, wimbi huwashukia walio chini. Mji wa Fort Simpson uko kisiwani, mito miwili inapokutana; Mei 2021 wakazi walilazimika kuhama.

Msimu huo pia hukata barabara. Majira ya baridi magari huvuka juu ya barafu, kiangazi kwa kivuko. Katikati yake kuna wiki kadhaa ambapo barafu haibebi tena gari na kivuko hakiwezi kupita. Daraja la Deh Cho limeondoa adha hiyo kwa njia ya kwenda mji wa Yellowknife, lakini pale Tsiigehtchic, kwenye barabara ya Dempster iendayo mji wa Inuvik, bado ipo. Anayepanga safari ya Inuvik asiiweke Mei.