Kabla hujauza kiwanja ili binti akasome udaktari nje

Shikamoo mzee wangu. Umesema binti yako amemaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), amekosa nafasi ya MD, yaani shahada ya udaktari, pale Muhimbili, na wakala mmoja wa mjini amekuletea vyuo vitatu: kimoja China, kimoja Urusi, kimoja Uganda. Anataka malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi. Wewe una uwezo wa milioni 12 kwa mwaka, pamoja na kiwanja cha Chanika unachofikiria kukiuza, na unauliza kipi kati ya hivyo ni nafuu. Mimi nimesoma China miaka sita, 2013 hadi 2019, sasa natibu hapa hapa Dar, na baba yangu naye aliuza kiwanja, chake kilikuwa Kivule. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Ada iache kwanza. Muulize wakala hivi: wagonjwa wa hospitali ya chuo hicho wanaongea lugha gani, na binti akifika mwaka wa nne ataweza kuongea nao?

Sisi hatukuuliza. Wakala wetu alisema masomo yote ni kwa Kiingereza, na kwa darasani ilikuwa kweli. Anatomia, fiziolojia, bayokemia, vyote tulifundishwa kwa Kiingereza. Walimu wengine walikuwa wanasoma tu slaidi, lakini ukirudi bwenini ukafungua kitabu unaelewa. Miaka mitatu ya kwanza alama zangu zilikuwa nzuri na baba alikuwa anatembea na matokeo yangu mfukoni. Mwaka wa nne tukaingia wodini. Bibi mmoja amekaa kitandani anamweleza profesa maumivu yalivyoanza, yanakoelekea, yanavyomwamsha usiku, tena kwa lahaja ya kwao ambayo hata Wachina wa mkoa mwingine walikuwa wanaitegea sikio. Sisi wageni kumi na wawili tumesimama nyuma. Profesa anageuka, anatupa sentensi mbili za Kiingereza, tunahamia kitanda kinachofuata. Miezi na miezi ilikwenda hivyo. Kazi ya kwanza ya daktari ni kumsikiliza mgonjwa, na mimi niliipata kwa kusimuliwa.

Kuna mtihani wa Kichina unaitwa HSK, na vyuo vingi hutaka mwanafunzi wa tiba afike daraja la nne. Niliufaulu. Kwa mfumo wa wakati ule, daraja la nne lilikuwa na maneno 1,200 tu. Yanatosha kununua mboga na kuelewana na mwenye nyumba. Kumuuliza mama kama mtoto amekojoa tangu asubuhi, na kuelewa anachojibu huku analia, ni kitu kingine kabisa.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Wenzetu waliokwenda kwa ufadhili wa serikali ya China, ule unaotolewa kupitia CSC, baraza lao la ufadhili wa masomo, wengi wao walilazimika kusoma Kichina mwaka mzima kwanza, halafu udaktari wenyewe wakaufanya kwa Kichina. Tuliwaonea huruma, tukisema wanapoteza mwaka. Kufika mwaka wa nne wao ndio walioitwa mbele, wao walioambiwa "njoo mpime huyu presha, muulize anatumia dawa gani". Ada hawakulipa, bweni hawakulipa, na kila mwezi walikuwa wanapewa yuani 2,500 za kujikimu. Kwa hiyo binti akipata nafasi ile, mwambie asiukimbie mwaka wa lugha. Ndio utakaomfanya daktari.

Sitaki uone kama nalaani China. Nimeona mashine ambazo nilipokuwa Jangwani Sekondari nilikuwa naziona vitabuni tu, na kiharusi na saratani ya ini nimeviona hadi nikavizoea. Shida ilikuwa yale yaliyokuwa yananisubiri nyumbani. Malaria kali, selimundu, kifafa cha mimba: nilikuwa nimevisoma, sijawahi kuvigusa. Wiki ya pili ya intaniship, yale mazoezi ya kazi hospitalini baada ya shahada, hapa Dar aliletwa mtoto wa miaka mitatu, viganja vyeupe kama karatasi, anapumua kwa shida, anahitaji damu na dawa ya mshipa mara moja. Mshipa wenyewe siuoni. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nesi mmoja mtu mzima akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini ili mama wa mtoto asisikie, "Daktari, we mshike mkono, mi nikuonyeshe." Kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, ikaingia. Mtoto alipona. Yule nesi nitamshukuru maisha yangu yote, kwa sababu miezi ile mitatu ya kwanza alinifundisha vitu ambavyo baba alishavilipia.

Na kabla ya kufika kwenye hiyo intaniship kulikuwa na mlima mwingine. Shahada ya nje lazima itambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Halafu Baraza la Madaktari Tanganyika nalo lina mtihani wake, ukiufaulu ndipo unapoingia intaniship ya mwaka mmoja. Mtihani huo unauliza mambo ya hapa: mama mwenye ujauzito wa wiki 34 na presha ya juu, mtoto mwenye homa na degedege, utafanya nini kwanza. Aliyeona wagonjwa hao kwa macho yake anajibu haraka. Niliokaa nao kusoma, wengine walirudia. Mmoja wao, mtu mwenye akili kunizidi, alikaa nyumbani Mbagala karibu miaka miwili na cheti chake ukutani, mama yake akiulizwa kila siku mtaani "daktari wetu anafanya kazi wapi?" Miaka hiyo miwili nayo ingepaswa kuhesabiwa kwenye bei ya chuo.

Kwenye pesa penyewe, wakala anakupa bei ya mwaka wa kwanza na wewe unazidisha mara sita. Haiendi hivyo. Ada yangu ilikuwa yuani 30,000 kwa mwaka na chuo hakikuipandisha hata mara moja. Lakini 2013 yuani moja ilikuwa kama shilingi 260, na nilipokuwa namaliza ilikuwa imepita 330. Ada ile ile iliyomgharimu baba milioni 7.8 ikawa karibu milioni 10. Hapo hatujagusa bweni, bima, kibali cha kuishi cha kila mwaka, chakula, na nauli. Pesa ya Kivule ilikatika mwaka wa nne. Nilifika mahali nikawa nabaki bwenini likizo zote kwa sababu tiketi ilikuwa sawa na chakula cha miezi mitano. Ukiwa na milioni 12, tafuta chuo ambacho gharama zake zote leo hazizidi milioni 8 au 9, ili shilingi ikishuka binti asikwame katikati.

Kuhusu Urusi nitasema machache maana sikuishi kule, ila nimefanya kazi na waliosoma huko. Hadithi ya lugha ni ile ile: Kiingereza darasani, Kirusi wodini. Waliosoma mwaka wa maandalizi wa Kirusi na kuuchukulia kwa uzito ni madaktari wazuri sana, hilo nimelishuhudia. Lakini muulize wakala utatumaje pesa. Tangu Machi 2022 benki kadhaa za Urusi ziliondolewa kwenye SWIFT, mfumo wa benki kutumiana pesa kimataifa, na kadi za Visa na Mastercard za nje zikaacha kufanya kazi kule. Akikujibu "tutaona namna", hiyo namna itakuwa ni mtu wa kati anayekata chake kila muhula.

Na kwa kuwa tumetaja vita, tukumbuke kwamba chuo cha mbali kinaweza kufungwa huku ada imeshalipwa. Ukraine ilikuwa kimbilio la watu wa kipato chetu waliotaka udaktari, hadi Februari 2022 wanafunzi wa Kiafrika wa Kharkiv na Sumy walipojikuta kwenye mahandaki, kisha mipakani kwenye baridi. Hata China, mwishoni mwa Machi 2020 ilifunga mipaka kwa wageni, na wanafunzi walianza kupewa visa tena Agosti 2022. Kijana niliyemwacha nyuma chuoni alikuwa likizo Kigamboni wakati ule. Alisoma upasuaji kwenye simu, chini ya mwembe, bando likiisha somo linaisha. Hakuna aliyekosea hapo, lakini udaktari wa kwenye simu haupo.

Uganda. Najua jina halina mvuto, na najua shangazi watasema "kumbe kaenda hapo Uganda tu". Mimi kati ya vitatu hivyo ningeanza nacho, mradi tu chuo kiwe kinatambulika. Masomo ni miaka mitano, yanaishia kwenye MBChB, jina lao la shahada ya udaktari. Walimu na wanafunzi wanafundishana kwa Kiingereza hadi kando ya kitanda. Wagonjwa nao wana lugha zao, Kiganda, Kinyankole, lakini kwa Mtanzania lugha hizo si ukuta kama Kichina, ni za Kibantu, na kwa miezi michache unaanza kuokota maneno. La muhimu zaidi, malaria ni ile ile, selimundu ni ile ile, upungufu wa damu salama ni ule ule. Kampala International University ina kampasi ya tiba Ishaka, Bushenyi, na Watanzania waliopita pale nimefanya nao kazi: wanashika kanula wiki ya kwanza. Na mambo yakiharibika, binti anapanda basi anarudi.

Lakini mzee, wewe wakala amekupa vitatu, mimi naongeza cha nne ambacho yeye hawezi kukutajia kwa sababu hakimlipi. Umeomba Muhimbili peke yake au umeomba na kwingine? Kuna Kairuki hapo Mikocheni, kuna Bugando Mwanza, KCMC Moshi, Mtakatifu Fransisko Ifakara, kuna UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Chukua karatasi za ada za vyuo hivyo, weka na malazi, linganisha na jumla halisi ya nje, siyo ya wakala. Tena akisoma hapa anaweza kuomba mkopo wa Bodi. Akienda nje kwa kujilipia, mzigo wote ni wako. Kama ni kusubiri mwaka mmoja aombe upya, asubiri. Kusubiri mwaka akiwa nyumbani Tabata ni nafuu kuliko kusubiri miwili akiwa na cheti ambacho hakijamfikisha wodini.

Kama mkiamua nje, basi wiki hii nenda TCU mwenyewe na binti, msimtume wakala. Uliza mambo mawili: wakala huyo amesajiliwa kwao, na chuo hicho kinatambulika kwa shahada ya tiba. Uliza pia kuhusu kile cheti chao cha kutokuwa na pingamizi, NOC. Mara nyingi watu wanakumbuka kukitafuta wakati mtoto ameshafika. Tafuta jina la chuo kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya tiba, WDOMS, ni bure kwenye intaneti. Kutokuwemo ni sababu tosha ya kuachana nacho. Kuwemo peke yake si uthibitisho wa ubora. Kwa China, angalia pia kama chuo kimo kwenye orodha ya Wizara yao ya Elimu ya vyuo vilivyoruhusiwa kufundisha tiba kwa Kiingereza.

Halafu mwambie wakala akupe namba ya Mtanzania aliye mwaka wa tano, siyo wa kwanza. Wa kwanza atakuambia bweni ni zuri. Binti ampigie mwenyewe amuulize: jana wodini ulifanya nini kwa mikono yako? Akianza kuzungukazunguka, mmeshajibiwa. Na kiwanja kisitangazwe hadi jibu la TCU liwe mkononi mwako kwa maandishi.