Rafu ya Santuri: Jenga Mwenyewe, na Ujenge kwa Ajili ya Uzito

Wiki hii msomaji mmoja amenitumia picha ya rafu yake ya santuri, zile sahani za muziki zinazopigwa kwa sindano. Ubao wa katikati umeshuka tumbo, majalada yote yamelalia upande mmoja, na swali lake ni fupi: "Kaka, niongeze vyuma gani chini yake?" Nimemjibu asiongeze chochote. Atoe santuri zote leo hii, azisimamishe kwa muda ndani ya maboksi magumu, kisha aivunje rafu hiyo na kujenga nyingine. Jibu hilo linadai maelezo, nami nayatoa hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Picha ile imenigusa pabaya. Rafu yangu ya kwanza niliinunua dukani. Ilikuwa nyeupe, nadhifu, na muuzaji alinihakikishia kwamba inabeba chochote. Kumbe ilikuwa chipubodi, yaani zile mbao za vipande na maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi, na kila ubao ulikuwa umelala juu ya vipini vinne vya plastiki. Miezi ikapita, ubao ukaanza kupinda taratibu. Usiku mmoja nikasikia kishindo. Vipini vilikuwa vimetafuna matundu yake hadi vikachomoka, ubao wa juu ukauangukia wa chini, na santuri niliyoipenda kuliko zote ikameguka ukingoni. Kipande kilichotoka ni cha ukubwa wa kucha, lakini wimbo wa kwanza wa kila upande haupigiki tena hadi leo. Nilipolalamika dukani niliambiwa kwamba rafu ile ni ya vitabu na mapambo, na kwamba nilichopakia humo hakiwahusu. Shemeji yangu naye akasema niziuze zote zilizobaki, maana siku hizi muziki wote uko kwenye simu. La duka nimelisahau. La shemeji bado linaniuma, kwa sababu yeye aliniona nikizikusanya moja moja kwa miaka.

Nikaamua kwamba hakuna mtu mwingine atakayezijengea santuri zangu mahali pa kukaa. Na nilichojifunza kwanza, kabla hata ya kushika msumeno, ni uzito.

Watu wengi huishika santuri moja mkononi na kuiona nyepesi. Santuri ya inchi 12 ya kawaida ina gramu 120 hadi 140, zile nzito zinazopigwa chapa siku hizi zina gramu 180, na ukijumlisha bahasha ya ndani na jalada unafika kwenye gramu 250 hivi. Kwa hiyo santuri 100 ni kilo 25 au zaidi, na zinakaa katika upana wa sentimita 35 tu. Rafu ya urefu wa mita moja ukiijaza inabeba uzito wa mtu mzima, mchana na usiku, bila kupumzika. Vitabu vya kawaida havifikii uzito huo, sembuse nguo.

Halafu kuna hesabu ya ubao wenyewe. Ukirefusha ubao mara mbili, huku kila sentimita ikibeba mzigo uleule, ubao haupindi mara mbili, unapinda mara 16. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu wake unapanda mara 8. Hesabu hii ndiyo inayoamua kila kitu, na ndiyo maana namkataza msomaji wangu kuweka vyuma. Dawa ya ubao unaopinda ni kuufupisha, na njia ya kuufupisha bila kupunguza nafasi ni kuuwekea mbao za kusimama chini yake, karibu karibu. Mbao hizo zinafanya kazi mbili: zinapeleka mzigo moja kwa moja hadi sakafuni, na zinazuia santuri zisiegemeane. Santuri iliyoegama kwa muda mrefu hupinda, hasa penye joto, na iliyopinda huichezesha sindano juu chini kama mtumbwi kwenye mawimbi. Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ina jukumu la kuhifadhi sauti kwa vizazi vijavyo, inashauri santuri zisimame wima na ziwe na vigawanyo vya kuzishika. Basi na wewe zisimamishe.

Vipimo vyangu ni hivi. Jalada la inchi 12 lina karibu sentimita 31.5 kila upande. Kila chumba cha rafu, yaani nafasi iliyo kati ya mbao, nakipa kimo cha sentimita 34, ili vidole vipite juu ya jalada bila kukwaruza, kina cha sentimita 33, na upana wa sentimita 38. Upana huo unachukua santuri kama 100 na kuacha nafasi ya kuzipekua. Ukiongeza upana unarudi kwenye ule ule ugonjwa.

Ubao wangu ni plaiwudi ya milimita 18. Sitaki kusikia habari za chipubodi tena, hata ikipambwa vipi. Plaiwudi imepangwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi za tabaka moja zikikatiza za jingine, kwa hiyo haipasuki ovyo na hailegei upesi chini ya mzigo wa kudumu.

Hapa ndipo ninapojivunia. Shiti moja ya plaiwudi ni sentimita 122 kwa 244. Ipasue kwa urefu upate vipande vitatu vya upana wa sentimita 33, ukikumbuka kwamba kila mpito wa msumeno unakula kama milimita 3. Kipande cha kwanza kikate mbao mbili za kulala, kila mmoja sentimita 121.2, yaani upana wa vyumba vitatu na unene wa mbao nne za kusimama. Cha pili kitoe ubao wa tatu wa kulala pamoja na mbao tatu za kusimama za sentimita 34. Cha tatu kinatoa mbao saba za kusimama. Unahitaji nane, kwa hiyo mbili zinabaki akiba. Hiyo ni rafu ya vyumba sita, vitatu juu na vitatu chini, ya kubeba santuri kama 600, kutoka shiti moja, ukiacha mgongo na kitako nitakavyovitaja mbele. Tena kinabaki kipande cha upana wa sentimita 22 hivi, ambacho kinatosha kabisa kutengenezea boksi la santuri ndogo za inchi 7, maana majalada yake yana sentimita 18 tu. Nilikaa na penseli na karatasi mpaka hesabu hii ikatulia, na kila ninapoitazama nafurahi.

Kama huna msumeno wa kupasua shiti nzima, wape wanaouza mbao wakupasulie kwenye mashine yao. Mbao za kusimama zikitofautiana hata milimita 2, ubao wa kulala utazikalia baadhi tu na zilizobaki zitakuwa pambo. Zipange zote zikiwa zimesimama mezani, upitishe kiganja juu yake. Mkono unahisi tofauti ambayo macho hayaioni.

Kuunganisha kuna utaratibu wake. Anza na ubao wa katikati. Mbao nne za kusimama za ghorofa ya juu zipake gundi ya mbao, kisha zifunge kwa skrubu kutoka chini ya ubao huo. Toboa kwanza tundu jembamba, kwa sababu skrubu inayoingia kwenye ukingo wa plaiwudi bila tundu huachanisha tabaka zake. Weka ubao wa juu, ufunge kutoka juu. Sasa pindua kazi yote juu chini. Mbao za ghorofa ya chini zisimamishe juu ya mstari uleule wa zile za kwanza, zitie gundi, uzishike kwa skrubu za kupita mshazari, halafu funga ubao wa mwisho. Kwa mpango huu skrubu hazibebi mzigo. Ubao umekaa juu ya ubao hadi sakafuni, skrubu kazi yake ni kuzuia visitembee tu. Mtu akikuchorea rafu ambayo mbao zake za kulala zimening'inia kwenye skrubu ubavuni, mrudishie mchoro wake.

Kabla gundi haijakauka, chukua futi kamba upime kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, kisha pembe mbili zilizobaki. Vipimo viwili vikilingana, pembe zote za rafu zimenyooka. Visipolingana, zisukume zikaribiane pembe mbili za kile kipimo kirefu mpaka vilingane. Ndipo upigilie mgongo wa plaiwudi ya milimita 6 kwa gundi na skrubu, nyuma nzima, bila kuacha chumba hata kimoja. Nimeona watu wakiuacha mgongo ili ukuta uonekane. Rafu isiyo na mgongo huyumba ubavuni, na ikiyumba na kilo 150 ndani yake haitakuuliza kama ulipenda rangi ya ukuta wako.

Msasa na vanishi unavijua, sitakuchosha. Ila ngoja vanishi ikauke kwelikweli, hata baada ya kuacha kunata, mpaka harufu iishe. Majalada ya karatasi yakikaa juu ya vanishi changa yanashika, na ukiyavuta yanachanika.

Rafu iinue kutoka sakafuni kwa kitako cha sentimita 8 hivi, kitakachopita chini ya kila mstari wa mbao za kusimama, ili maji ya kudekia yasiifikie. Isimame mbali na jua la dirishani na mbali na ukuta wenye unyevu, maana ukungu ukishaingia kwenye majalada hautoki kirahisi. Ipime kwa pima maji, kisha ifunge ukutani kwa angulo mbili za chuma upande wa juu, hasa nyumba ikiwa na watoto wanaopenda kupanda.

Ndugu yangu uliyenitumia picha, jaza vyumba vya chini kwanza, ndipo uende juu, na usizibane. Santuri inatakiwa itoke kwa vidole viwili bila kuburuta jirani zake. Chumba ambacho hakijajaa, kijazie kipande cha ubao ili zilizomo zisimame wima. Nitumie urefu wa ukuta wako na idadi ya santuri ulizonazo, nami nitakuchorea mpango wa kukata shiti.