Muulize Shangazi wa Muvi: Klabu inafilisika, sisi tunacheka nini?

Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni za kitu kimoja, zile muvi za Kikantoni (lugha ya Hong Kong) za kucheka na kulia humohumo, klabu ya usiku Hong Kong inakaribia kufungwa, meneja kachoka, wateja wamezeeka na madeni yamefika shingoni. Nimechukua nne. Ya kwanza ntaijibu kwa kirefu maana imenigusa, zingine tutaenda mdogomdogo.

Shangazi shikamoo. Nimeangalia muvi moja ya hivo na mume wangu, klabu kubwa kama nini, madada wamevaa magauni, kuna mama mmoja mkali ndo anawapanga na meneja mwenyewe anamuogopa. Sasa hivi vitu vilikuwepo kweli ama wametunga? Na klabu kubwa hivo inakosaje wateja? – Mama Kulwa

Marhaba mwanangu. Vilikuwepo, tena wenye muvi wamepunguza chumvi. Nenda upande wa Kowloon, kuna eneo linaitwa Tsim Sha Tsui East, pale palikuwa bahari wakafukia, alafu miaka ya 1980 zikaota hoteli na klabu kama uyoga. Mwaka 1984 ikafunguliwa moja ikiitwa Club Volvo, wenye magari ya Sweden wakaja juu kwamba jina letu hilo, basi ikageuka Club Bboss, kwa Kikantoni watu wakiiita Daai Fu Hou, yaani tajiri mkubwa. Ilikuwa na futi za mraba kama 70,000, karibu uwanja mzima wa mpira, na mteja akiingia anapakiwa kwenye kigari cha umeme chenye sura ya Rolls-Royce ya kizamani anasukumwa mpaka mezani kwake, humohumo ndani! Sasa hapo mtu atunge nini tena.

Huyo mama mkali ni mamasan, neno la Kijapani hilo lilihamia huko na likakaa. Msimdharau. Yeye ndo ana wasichana wake na ndo ana namba za wateja, anajua nani anakunywa nini na nani mke wake akipiga simu ajibiwe vipi, kwa hiyo akikasirika akahamia klabu ya jirani anaondoka na nusu ya biashara, meneja anabaki na viti na taa za rangi. Ndo maana anamnyenyekea vile, usione ni mapenzi (ingawa kwenye muvi lazima watie na mapenzi kidogo).

Na kinachouzwa pale ni muda. Wao wanaita maai zung, kununua saa, yaani dada akikaa mezani kwako saa inatembea na bili inatembea nayo, juu yake weka brandi ya Kifaransa ambayo mtu anaagiza chupa nzima ili meza ya pembeni wamuone. Sheria ya kule, mtu kujiuza mwenyewe siyo kosa ila kuendesha danguro ni kosa, kwa hiyo klabu inakuuzia muda, mkitoka nje ya mlango yenyewe haijaona kitu. Ukilijua hilo ndo utaelewa kwa nini kwenye hizi muvi kila mtu anaongea kwa mafumbo mpaka anachanganyikiwa mwenyewe.

Wateja sasa. Hawakuondoka siku moja. Mwaka 1997 ukaja ule mtikisiko wa uchumi wa Asia, wafanyabiashara waliokuwa wanamwaga hela wakaanza kusoma bili kabla ya kulipa. 2003 ikaja SARS, ule ugonjwa wa mapafu wa kuambukiza, Hong Kong peke yake ikaua watu 299, nani atakaa chumba kisicho na dirisha na watu mia tano? Na mwaka huohuo mpaka wa Lok Ma Chau wa kuingia China bara ukaanza kufunguliwa saa 24, mtu anavuka zake usiku kwenda Shenzhen, mji wa jirani ng'ambo ya mpaka, kule starehe ilikuwa rahisi mno, na mwenye hela nzito anaenda Macau, mji wa kasino wa jirani, ambako biashara ya kasino ilishafunguliwa kwa makampuni zaidi tangu 2002. Wewe huku una ukumbi kama uwanja wa mpira na unaulipia kodi ya Hong Kong, unajua kodi ya Hong Kong wewe? Daai Fu Hou nayo ikafunga 2012. Kwa hiyo muvi ikikuonyesha meneja anazima taa za upande mmoja kuokoa umeme, hapo usicheke haraka.

Mi ni yule mume wa Mama Kulwa, nimeona ameandika. Nilicheka kwa sababu waigizaji wanachekesha kwa sura tu, ila ukweli sabtaito zenyewe hata hazichekeshi, mtu anasema neno moja ukumbi mzima unaanguka, mi nasoma naona "meza namba nne". Kuna nini hapo?

Afadhali umekiri, mkeo alidhani we una akili sana. Kikantoni kina toni sita, neno lilelile ukilipandisha au kulishusha sauti linakuwa kitu kingine kabisa. Nne ni sei, kufa nako ni sei, tofauti ni sauti tu, ndo maana majengo mengi kule ghorofa ya nne hamna, wanaruka. Mteja mwenye nuksi akipelekwa meza namba nne, klabu yenyewe inakata roho, basi kila mtu kashaelewa kabla hujamaliza kusoma. Na tisa ni gau, mbwa ni gau, hizo zinafanana kabisa hata sauti, hebu fikiria mtu wa Kikantoni aliyelewa akipewa hiyo nafasi. Jaribu kumtafsiria mgeni mchezo wa neno kaa, kaa chini, kaa la moto, kaa wa baharini, uone kama atacheka. Mtafsiri hana kosa.

Shangazi mi ni mtu wa kung-fu. Nimezoea steringi anapiga watu kumi peke yake, huyu steringi wa klabu hapigi mtu, anahesabu risiti tu na kuomba wadai wamuongezee wiki. Hong Kong wameishiwa? – Teke la Nyuma

Teke, umechelewa kama miaka hamsini hivi. Katikati ya miaka ya 1970 ambapo sinema za Kikantoni zilikuwa zinarudi baada ya kuzidiwa na za Kimandarin (Kichina rasmi cha bara), aliyejaza kumbi ni Michael Hui, na kichekesho chake kikubwa kilikuwa bosi bahili na wafanyakazi wake waliochoka naye. Hakuna mtu anaruka juu ya paa. Hizi za klabu ni wajukuu wa pale, ni vichekesho vya kazini, tofauti tu kazi yenyewe inaanza saa tatu usiku.

Ila swali lako la kuishiwa lina ukweli ndani yake na mi naona wenye muvi wanalijua kuliko wewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Hong Kong walikuwa wanatoa picha zaidi ya 200 kwa mwaka, siku hizi zikifika 50 wanashukuru. Kwa hiyo mi nikimuona yule meneja anagoma kufunga ukumbi, anawabembeleza wazee wawili watatu waliobaki warudi hata kesho, sioni klabu pale, naona muongozaji wa filamu. Labda nazidisha, ila jaribu kuiangalia tena na hilo kichwani.

Alafu nyingi za vichekesho zinatolewa kipindi cha mwaka mpya wao, Januari mwishoni au Februari, familia nzima inaenda, na mwisho waigizaji wote wanageukia kamera wanasema gung hei faat choi, maana yake mpate utajiri. Sasa amwambie nani, yule anayedaiwa mpaka mapazia?

Naweza kuangalia na mama mkwe? Naomba jibu la haraka, anafika Ijumaa.

Tazama alama ya umri. Kule I ni ya wote, IIA haifai watoto, IIB haifai watoto na vijana, hizo mbili ni ushauri tu. III ndo ya sheria, chini ya miaka 18 haingii, iko hivo tangu 1988. Ukikuta IIB mama mkwe atakaa vizuri tu, utakayetafuta pa kuweka macho ni wewe.