Barua kwa mwanangu: Kuuliza si kuomba

Muheza, Jumapili usiku

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako tumeusoma, mama yako mara moja, mimi mara nne. Kujibu kwa simu nimeshindwa, vidole vyangu na zile herufi ndogo havipatani. Naandika kwa mkono kama zamani, mama yako ataipiga picha akutumie. Penye wino mzito ni kalamu mbovu, usidhani nimekasirika.

Swali lako nimelielewa. Wiki moja umepata habari mbili: umechaguliwa kwenda Ureno mwezi wa nane, wiki nne za utafiti maabara, kwa ule mpango wa kubadilishana wanafunzi wa udaktari mnaoufanya kupitia TAMSA, chama chenu cha wanafunzi wa udaktari, na matokeo yametoka, una sapu, mtihani wa kurudia, ya farmakolojia, lile somo la dawa. Uende, au ubaki uisomee? Nauli ni juu yako, wenyeji watakupa malazi na mlo mmoja kwa siku. Nauli tutaizungumza, machungwa mwaka huu hayajatuangusha.

Kilichoninyima usingizi ni ule mstari wa mwisho: "Mwalimu wa somo alitangaza wenye sapu tumwone ofisini atupangie vipindi. Sijaenda, baba, naona aibu." Umeupachika pale kama mtu anayesema huku Dar mvua inanyesha.

Rehema, kuuliza si kuomba. Mmelisikia hilo mpaka kaka yako akawa ananimalizia kabla sijafumbua mdomo. Sasa leo nikwambie lilikotoka, maana ile habari ya droo mnayoijua haijakamilika.

Ya droo unaijua. Mwaka 1988, mimi tabibu katika hospitali moja ya wilaya kule kusini, nimechaguliwa kozi ya udaktari msaidizi. Miaka miwili tu, mtu akirudi anaweza kumpasua mama aliyekwama uzazi akamtoa mtoto. Barua ikalala kwenye droo ya bwana mkubwa. Nilitakiwa kuripoti tarehe 4 Julai, nikaipata tarehe 19, kona ina kutu ya pini. Mama yako huongeza kwamba mle ndani mlikuwa na nusu mkate na dawa ya mbu. Hilo kalitoa wapi sijui, mimi sijawahi kulisema.

Ambalo sijawaambia ni hili. Mwishoni mwa Juni, tuko foleni ya mshahara, karani wa masijala aliniinamia sikioni: "Barua yako imefika, iko kwa mkubwa." Kwa hiyo nilijua. Kila asubuhi kwenye raundi nilisimama hatua mbili kutoka kwa yule bwana, nimemshikia mafaili ya wagonjwa, na sikusema neno. Nilijiambia mtu mzima habembelezi, ananiona, ataniita. Nikazidisha bidii ili anione vizuri. Jioni mama yako akiuliza, namjibu "bado kimya."

Yule bwana alikosa, na sitamwosha. Lakini kuna siku nasema, hata ningemuuliza angenizungusha tu. Siku nyingine nasema, angevuta droo pale pale, "Ala! Hii hapa, nilisahau," maana alikuwa msahaulifu hasa, hata miwani yake sisi ndio tuliokuwa tunamtafutia. Miaka yote hii nazungusha hayo mawili, na ningeweza kuyamaliza kwa swali la dakika moja.

Nafasi alipata mwenzangu wa wilaya ya jirani. Mwaka 1990 akapangiwa kwetu, daktari msaidizi. Usiku mmoja umeme umekatika, jenereta haina dizeli, mama wa mimba ya kwanza amekwama tangu alfajiri. Nikashika kurunzi. Jamaa alipasua vizuri, mkono mwepesi, mtoto akalia. Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Lakini katikati ya kazi aliniambia, "Kaka, tuliza taa." Nikasingizia uchovu.

Na wala sikuwa mtu wa kuogopa kuuliza tangu mwanzo! Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja daktari kutoka mkoani kututembelea, mmoja wa wale waliosomea Dar es Salaam mwanzoni mwanzoni, shule ya udaktari ilipokuwa imeanzishwa 1963 na kuja kuwa kitivo cha Chuo Kikuu. Nikamwambia mbele ya manesi: mimi kifua chenye maji na kisicho na maji, nikigonga, nasikia mamoja. Hakucheka. Alinishika mkono tukatoka hadi nyuma ya stoo, kwenye pipa la mafuta ya taa. "Gonga juu. Shuka. Shuka tena. Umesikia ilipobadilika?" Nikasikia. Juu mlio wazi, chini *du, du*, kama unagonga gogo. Akanisimulia habari za Auenbrugger, yule Mwaustria aliyekulia katika nyumba ya wageni ya baba yake, wanagonga mapipa ya mvinyo kujua yamebaki na kiasi gani, naye akaja kuuhamishia mtindo huo kifuani mwa wagonjwa na kuandika kitabu mwaka 1761. Tukarudi wodini. Mzee mmoja, mgongo upande wa kushoto, nikashuka kidole kwa kidole mpaka mlio ukafa. Tulivuta maji rangi ya chai ya mkandaa, karibu chupa mbili.

Nusu saa kwenye pipa, na nimeitumia mpaka nastaafu. Ndiyo maana mlikuwa mnanicheka nikigonga simtanki.

Basi, Ureno. Najiambia, binti wa Muheza, mlango kama huu utafunguka lini tena? Halafu najijibu, sapu ina tarehe yake, na ukiikosa hiyo hakuna maabara ya Ulaya itakayokufaulisha. Halafu najiuliza, ni nani aliyesema lazima uchague? Umewauliza TAMSA kama mwezi unaweza kusogezwa? Umeuliza idarani sapu inafanyika wiki gani hasa? Umemwona mshauri wa wanafunzi? Nasikia unatumia ile 10,000 ya bumu kwa siku, hela ya mkopo wa kujikimu, kutoa kopi za madesa, hizo notsi zenu. Kuna waliofaulu mwaka wa nne hapo hapo hosteli kwenu, na kuwauliza ni bure.

Mama yako anasema naizungusha, nikwambie uende au usiende. Nilikuwa nimeliandika jibu langu hapa chini, nikalikata. Kwenye picha hutaliona, nimelipaka wino makusudi, ingawa mkono unaniwasha kuliandika upya.

Kesho Jumatatu nenda kwa yule mwalimu. Usiandae hotuba, mwambie kama mimi nilivyosema mbele ya manesi: hapa na hapa sielewi. Ukitoka nipigie. Nitakuwa shambani, lakini simu nitaiweka mfuko wa shati, na sauti nimeshamwambia mdogo wako aipandishe.

Baba yako