Barua kwa Ayuma: vyungu vya darasa la sita

Mwanangu Ayuma,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku ulinikuta nimeshavua miwani, nikaivaa tena. Umeniuliza, "Mama, wewe ulifanyaje usichoke miaka yote ile?" Nilitaka kukujibu kwamba tulichoka sana ila hatukuwa na nafasi ya kulalamika. Nikafuta. Hayo ni maneno ya baba yako.

Uchovu huo wako, wa kuamka mwili mzima lakini mkono umekataa kushika chaki, ulinipata mara moja. Ni miaka ile ya mwanzo wa 2000, Sanaa na Ufundi ilipoondolewa kwenye KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane. Somo lilibaki kwenye ratiba ya ukutani, ila masomo mengine yaliandikwa kwa wino na langu kwa penseli. Kila Hisabati ilipotaka kipindi, kifutio kilikuwa karibu.

Muhula huo nilikuwa nimepeleka darasa la sita Ilesi, kwa wale akina mama wafinyanzi wa kando ya barabara ya Kisumu. Tukarudi na magunia mawili ya udongo. Watoto wakaukanda kwa miguu, wakachanganya na vigae vilivyotwangwa ili vyungu visipasuke motoni, kisha wakafinyanga. Nilivihesabu: 41. Nikavipanga stoo, kivulini, vikauke polepole. Udongo haukimbizwi, wewe unanijua.

Wiki ya kuvichoma nafika Jumatatu, stoo imejaa madawati ya tuisheni ya darasa la nane. Vyungu vimetolewa nje tangu Ijumaa, chini ya ukingo wa mabati. Na mvua ya Kakamega ya saa tisa unaijua. Chungu kisichochomwa kikilowa hurudi kuwa udongo. Nilikuta rundo la tope, na juu yake mkono mmoja wa chungu, alama za vidole vya mtoto bado zimo.

Mwalimu mkuu akaniambia, "Ni udongo tu, Mwalimu, si watafinyanga vingine?" Naye hakuwa mtu mbaya. Kaka yako alipolazwa, ndiye aliyezungusha bahasha ya mchango. Nimejaribu kumsamehe kwa ajili ya bahasha ile. Siku nyingine naweza.

Kilichoniuma hasa ni kijana mmoja aliyeuliza kama watapata alama. Nikawapa wote alama, nikaziandika kwa wino. Hakuna aliyewahi kuziulizia.

Kwa hiyo nilikuwa nikiamini kwamba kazi haimchoshi mwalimu wa sanaa, kinachomchosha ni kuonekana hana kazi. Sasa wewe umeniharibia. Tangu 2024 masomo yalipounganishwa kuwa Sanaa Bunifu na Michezo, wewe uliyesomea uchoraji unafundisha pia muziki, ngoma na mpira. Karatasi za manila unanunua kwa mshahara wako, alama unazipakia mtandaoni usiku. Mimi nilisahauliwa, wewe hakuna anayekusahau, hasa wageni wakija, wimbo ukitakiwa. Sijui lipi lina nafuu. Kusahauliwa, nadhani. Hapana, usiniandike hivyo.

Umenieleza pia kwamba Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliueleza uchovu huu kuwa hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Nilifurahi, nikakasirika. Miaka ile nilikunywa dawa za kichwa nikidhani ni macho. Hata hii miwani nilianza kuivaa wakati ule.

Usiniulize kama uache. Baba yako amekwisha kujibu, anataka usubiri pensheni, na anapiga hesabu mezani kwa sauti ili nimsikie. Mimi ninalo jibu langu. Nimelimeza mara tatu tangu nianze barua hii, na la nne liko kooni. Ila wewe ni mtu mzima, na udongo haukimbizwi.

Shule zikifungwa Agosti, shuka Ilesi kabla hujafika nyumbani, uniletee gunia moja. Stoo ya nyuma ya jikoni iko tupu. Baba yako anataka kufugia kuku humo, nimemwambia angoje.

Mama