Maswali ya Wasomaji: Filamu ya Ukoo, Feni na Sabato

SWALI: Sisi ni Wayahudi tunaoishi Nyali. Binti yangu wa miaka 15 na mdogo wake wa miaka 13 wanataka kutengeneza filamu ya dakika kumi kuhusu ukoo wetu, nyanya yao akiwa msimulizi. Wana simu moja tu. Hadithi waliyoandika inaanzia kwa Nabii Ibrahimu. Je, ni sawa? – *Mzazi, Nyali*

JIBU: Ibrahimu mwacheni. Dakika kumi hazimtoshi, na habari zake kila mtu anazo. Hata kisa cha 1903, Waingereza walipojitolea kuwapa Wazayuni (Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe) ardhi ya Uasin Gishu na mkutano wao wa Basel, Uswisi, ukaikataa 1905, kiingie ikiwa tu kinaugusa ukoo wenu.

Waanze na kitu kimoja kilichomo nyumbani: kitabu cha sala chenye majina yaliyoandikwa ndani ya jalada, kinara cha mishumaa, pasipoti ya zamani. Wampe nyanya akishike, kisha waseme "tuonyeshe", si "tusimulie". Akiombwa kusimulia atatoa hotuba. Akikishika atakumbuka nani alikibeba na ufa ule uliingia vipi. Akinyamaza, wahesabu hadi tano kimoyomoyo kabla ya kudakia.

Pesa kidogo mlizo nazo ziende kwenye sauti. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini maneno yasiyosikika humfanya azime. Nunueni maiki ndogo ya kubana nguoni, ikae shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu. Feni izimwe, naam, hata Februari. Mvumo wake hukaa chini ya kila neno, na programu ikijaribu kuuondoa huondoka pia na miisho ya maneno. Rekodini robo saa, mwasheni feni nyanya apumue, mrudie. Friji nayo ichomolewe. Wekeni funguo za nyumba ndani yake, hamtasahau kuiwasha. Adhana ikianza, simameni, kwani mkija kukata maneno wakati wa kuhariri adhana itarukaruka nyuma yake. Mwishoni wote wanyamaze nusu dakika maiki ikiwa wazi: ukimya huo wa chumba ndio wa kuzibia mapengo ya sauti mkihariri.

Simu iwekwe hali ya ndegeni, fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwa fremu 30 baadhi ya taa hupepesa kwenye picha. Acheni nafasi ya gigabaiti 20. Ikitoka chumba chenye eyakoni kwenda barazani, lenzi itaingia ukungu. Isubirini nusu saa, msiifute futefute.

SWALI: Picha ya babu imegandamana na kioo cha fremu. Niibandue ili niipige? – *Binti, Nyali*

JIBU: La! Unyevu wa pwani umeigandisha, na ukiivuta uso wa babu utabaki kwenye kioo. Ipige humo humo: ilaze karibu na dirisha lenye kivuli, zima flashi, tundika kitambaa cheusi nyuma ya simu ili kioo kisiakisi, usogee nyuma kidogo na uvute picha kwa lenzi.

SWALI: Mimi ni kijana wa Kibokoni, Mwislamu. Rafiki zangu Wayahudi wameniomba niwapigie filamu ya Sabato nyumbani kwao. Kwa kuwa mimi si Myahudi, naruhusiwa? – *Mpigapicha, Mji wa Kale*

JIBU: Mwanetu, wanaoshika Sabato hawawashi vyombo vya umeme tangu machweo ya Ijumaa hadi nyota zionekane Jumamosi, wala si adabu kumtumia mgeni kukwepa jambo hilo. Piga matayarisho: unga ukikandwa, mkate ukisukwa, meza ikitandikwa. Mishumaa kwa desturi huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama, kwa hiyo saa kumi na moja jioni simu yako iwe mfukoni.

Jumamosi usiku kuna Havdala, ibada ya kuiaga Sabato, na hapo pana picha nzuri kuliko zote: mshumaa wa kusokotwa, divai, na manukato ya kunusa, mara nyingi karafuu. Uliza kwanza wenyeji wanaruhusu uanze lini. Wapo wanaotaka usubiri hadi dua imalizike. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu ufunge mwangaza hapo, la sivyo simu itaufuata mwali na nyuso zote ziwe giza.

Mmoja wa rafiki zako akitaka kuonekana akisoma Torati, husomwa pia hadharani asubuhi za Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo kupiga picha kunawezekana sinagogi ikikubali. Gombo haliguswi kwa kidole. Msomaji hufuata mistari kwa kijiti kiitwacho yad. Piga mkono huo kwa karibu.

Manukuu ya Kiebrania husomwa kulia kwenda kushoto, na baadhi ya programu za kuhariri hugeuza herufi au kurusha nukta upande usiofaa. Mpe anayejua kukisoma aikague filamu kabla hujaitoa.